Mayai ya Selemani Kizibo

Glovu ililetwa na kijana wa bodaboda, ndani ya mfuko wa kaki, pamoja na maagizo kwamba nipige nayo picha kwa ajili ya bango. Nilikuwa jikoni natafuta funguo za gari, nina kikao. Kabla sijaitazama vizuri, harufu yake ikanifikia: ngozi ya zamani, vumbi, na mafuta ya nazi yaliyochacha. Nikavuta kiti nikakaa. Kikao kiliendelea bila mimi na, kwa taarifa nilizopata baadaye, kilikwenda vizuri kuliko kawaida.

Bango lilikuwa la sherehe. Programu ya besiboli ya watoto niliyoichezea utotoni, huko upande wa Wazo, ilikuwa imeamua kuwaenzi wachezaji wake wa zamani waliong'ara. Hilo halikunishangaza, kwa sababu walikuwepo waliong'ara. Kilichonishangaza ni jina langu. Katika utoto wangu wote wa besiboli niliugonga mpira vizuri mara moja, na ukaenda nyuma yangu. Nafasi yangu uwanjani ilikuwa kule mwisho kabisa, karibu na michongoma, ambako mpira ulifika kwa nadra, na ulipofika ulinikuta natazama mambo mengine. Nikampigia simu mratibu wa sherehe kumweleza kwamba kuna kosa.

"Hakuna kosa, mzee," alisema mratibu, kijana mdogo, kwa adabu iliyonizeesha zaidi. "Wewe si kwa kucheza. Wewe ni kwa ule moyo wako. Jina lako limeletwa na familia ya Selemani Kizibo."

Nikamshukuru, nikakata simu, na nikajisikia kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kituo cha polisi.

Inabidi nieleze kwanza tulipataje besiboli, maana wasomaji wa rika langu wengi walikulia kwenye mpira wa chandimu na hawatakuwa na huruma. Tulikuwa na Mwalimu Kaijage, aliyetufundisha hesabu. Alikuwa amepelekwa kozi ng'ambo, na wenzake waliopelekwa kozi walirudi na redio na mashati. Yeye alirudi na gunia la glovu. Alikuwa na imani kwamba mpira wa miguu una watu wengi mno wanaokimbia bila kufikiri. Uwanja wetu ulikuwa nyuma ya shule, kando ya barabara ya malori, na vumbi jeupe lilitua juu yetu mpaka jioni tukafanana wote, kama ndugu wa mama mmoja. Glovu zilikuwa ngumu kama mbao. Tulizilainisha kwa mafuta ya nazi tuliyoyaiba kwa mama zetu, na msimu ule wasichana wengi wa mtaani walikwenda shule na nywele kavu.

Marungu ya kupigia tulichongewa na baba yake Selemani. Alikuwa mchongaji aliyetoka Newala, na banda lake lilikuwa pembezoni mwa barabara, ambako aliwachongea wageni vinyago. Kila nilipopita alikuwa amekaa chini, kipande cha mti kikiwa kimebanwa kati ya nyayo zake, maranda ya mbao yamemfunika mpaka magotini. Kwa Mwalimu Kaijage alitengeneza marungu ya mninga, mazuri mno kwa vipaji vyetu. Nyumbani kwetu tulikuwa watu wa Upare, baba karani, mama ana mradi wa kuku wa mayai uani, na tulikwenda kanisani tukiwa tumepaka mafuta mpaka magotini. Kwa Selemani walikuwa wanaswali. Hayo hayakutuhusu sisi wawili. Tulikaa dawati moja, na tulipoanza urafiki mabega yetu yalilingana.

Siku yenyewe Selemani alikuwa amelala kando ya ukuta wa stoo akisubiri zamu yake ya kupiga, chali, miguu ameinyoosha. Mwalimu akaita jina langu. Nilikuwa upande wa pili wa ukuta, na kwa kuwa ilikuwa nadra sana kuitwa, nikaja mbio, nikamruka. Nikiwa bado hewani ndipo nilipotambua nilichofanya.

Mnajua nazungumzia nini. Hakuna mtoto wa enzi zetu asiyejua kwamba ukimruka mtu aliyenyoosha miguu, hakui tena, mpaka umrudie, yaani uruke upya kurudi ulikotoka. Watoto wengine walikuwa na woga wa majini au wa wachuna ngozi. Woga huo nilikuwa nao pia, lakini hili la kuruka halikuwa woga. Lilikuwa elimu, kama jedwali la kuzidisha. Nikageuka ili nimrudie palepale.

"We! Rungu linakusubiri wewe au mjomba wako?" Mwalimu akafoka.

Nikaenda, nikakosa mipira yote, nikarudi mbio. Selemani alikuwa ameamka, amekaa, anajifuta macho.

"Zamu ya nani?" akauliza.

"Yako," nikasema. Akanyanyuka akaenda kupiga, nami nikabaki natazama mahali palipokuwa na miguu yake.

Ningeweza kumwambia. Angenyoosha tu miguu na mambo yangeisha kwa kicheko. Lakini Selemani alikuwa na dada mkubwa, Zainabu, aliyekuwa na kofi maarufu mtaa mzima, nami nikaona ni salama zaidi kumvizia siku nyingine akiwa amelala. Siku ile ikapita, na nyingine, na kila iliyopita ilifanya kosa liwe gumu zaidi kutajwa. Kisha suruali yangu ikaanza kupanda juu ya kifundo cha mguu, na ya Selemani ikabaki palepale.

Watoto wakaanza kumwita Kizibo. Mwalimu Kaijage, badala ya kusikitika, akafurahi. Katika besiboli mrushaji lazima apitishe mpira kati ya magoti na kifua cha mpigaji, na akikosa mara kadhaa mpigaji hupewa bure kituo cha kwanza, katika vile vinne vya kuzunguka uwanja. Kwa mtu kama Selemani, akiinama kidogo, nafasi hiyo ilibaki finyu kama tundu la kufuli. Warushaji wa shule nyingine walikuja na majigambo wakaondoka na machozi. Na akipewa mpira anaoutaka, aliupiga mpaka barabarani. Alikuwa mchezaji bora kuliko sote, na aliiba vituo, yaani alikimbilia cha mbele kabla mpira haujapigwa, kwa miguu ambayo ilionekana kama haigusi chini.

"Selemani!" Mwalimu alikuwa akimpigia kelele kwa furaha. "Mwanangu, usikue! Nakuomba, usikue kabisa!"

Timu nzima ilicheka. Mimi nikaomba ruhusa kwenda chooni.

Dawa niliipata darasani. Mwalimu wa sayansi alituchorea vyakula vya aina tatu, na juu kabisa ya vile vya kujenga mwili alichora yai. Nikalitazama lile yai la chaki kama mtu anayeoneshwa mlango wa dharura. Ikiwa kuruka kumefunga ukuaji, labda mayai yatausukuma kwa nguvu kutoka ndani. Nyumbani mayai yaliyopasuka hayakuuzwa. Mama aliyachemsha na kutugawia asubuhi. Nikaanza kuficha la kwangu mfukoni, na mara nyingine la mdogo wangu.

"Kula," nikamwambia Selemani, nyuma ya stoo.

"La nini?"

"Mama kasema yamezidi, tutayatupa."

Akaugeukia ukuta, akalimenya, akala bila chumvi. Alikula haraka sana. Nilidhani anaona aibu, kwa hiyo nami nikatazama pembeni kwa ustaarabu. Alipomaliza nikamsimamisha kwenye nguzo ya goli la zamani na kupima kwa kiganja.

"Unafanya nini, bwana?"

"Mchezo tu. Simama sawasawa."

"Yaani nimekula yai moja ushaanza kunipima kama ng'ombe?"

Basi ikawa hivyo kila siku ya shule. Yai, nguzo, kiganja. Hakuongezeka hata unene wa kucha. Nikaongeza yai la pili kila nilipoweza, na mdogo wangu akajifunza kulia. Habari ikafika kwao. Mama yake Selemani, tuliyemwita Mama Zainabu kwa jina la binti yake, alinikuta njiani siku moja na ndoo ya maji kichwani. Akasimama, akaishikilia ndoo kwa mkono mmoja, na mkono wa pili akauweka juu ya kichwa changu.

"Wewe ndiye unayemletea mwenzio mayai?"

Nikadhani ameshajua yote. Nikaitika kwa shida.

"Mungu akukuze, mwanangu."

Kati ya dua zote zilizopo, aliichagua hiyo. Mungu alikuwa anakuza upande usiohitajika. Nilikwenda nyumbani nikaomba, nikiwa nimepiga magoti, kwamba angalau anisimamishe mimi kwanza, tulingane.

Wakati huohuo niliendelea kumvizia. Selemani alikuwa akilala kila mahali: kwenye dawati, kando ya ukuta, hata akisubiri zamu ya maji bombani. Nilimwona mvivu na nikashukuru, kwa kuwa uvivu wake ulinipa nafasi. Tatizo ni kwamba tangu siku ile hakulala tena amenyooka. Alilala amejikunja, magoti yamekandamiza tumbo, mikono imeyafunga magoti. Huwezi kumruka mtu wa namna hiyo. Hakuna miguu ya kuruka. Niliamini kabisa kwamba laana yenyewe ndiyo inayomkunja ili nisiweze kuifungua.

Kisha ikaja Jumamosi moja, mtaani kwao kulikuwa na maulidi, na Selemani alikuja mazoezini akitokea huko. Mdomo unang'aa mafuta. Alituambia habari za pilau kwa kirefu, akionesha kwa mikono ukubwa wa sufuria na ukubwa wa nyama, na wengine wakamtukana kwa wivu. Baada ya hapo akaenda kando ya ukuta wa stoo akalala. Chali. Miguu ameinyoosha yote, mikono ameitupa huku na huku, kama mfalme.

Sikungoja kuitwa na yeyote. Nilizunguka, nikasimama upande ule uliotakiwa, nikapiga dua fupi ya Kilutheri, nikamruka. Hakustuka. Nikasimama pale napumua, na nakumbuka nilihisi nimekuwa mwepesi kiasi kwamba mchana ule ndio niliougonga ule mpira wangu mmoja mzuri, uliokwenda nyuma.

Jumatatu nilikula yai langu mwenyewe, nyumbani, na chumvi.

"Leo hakuna?" Selemani aliniuliza nyuma ya stoo. Alikuwa amefika kabla yangu.

"Leo hakuna."

"Kuku hawajataga?"

"Hawajataga."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu mzima anayepokea habari za ugonjwa. Kesho yake alikuja tena nyuma ya stoo lakini hakuuliza. Baada ya hapo hakuja nyuma ya stoo. Na baada ya muda hakuja mazoezini. Nilipopita kwenye banda la baba yake nilimwona amekaa chini naye, ana kipande cha msasa, anasugua shingo ya twiga wa mbao. Nilimpungia mkono, akanipungia. Nilifikiri amechoka na besiboli. Timu ilipokwenda Morogoro kushindana, kiti kimoja kwenye gari kilikuwa wazi, nikapewa mimi, pamoja na jezi yake. Iliniishia kitovuni. Tulifungwa vibaya.

Sijui ni lini hasa nilielewa. Hakukuwa na siku yenyewe. Labda ni chuoni, nilipokuwa nasoma mambo ya lishe kwa ajili ya mtihani na kujisifu kwa marafiki kwamba nayakariri haraka. Labda ni nilipopata watoto na kuona mtoto aliyeshiba analalaje. Wageni wa vinyago walikuwa wameadimika kipindi kile, banda lile halikuuza kitu kwa miezi, na majirani zao wote walijua kwamba wanalala njaa; sikujua mimi, niliyemtazama Selemani kila siku kwa makini kuliko mtu yeyote na kuona urefu wake tu. Nimeandika makala nyingi kuhusu nchi hii na mapungufu yake. Watu husema nina jicho kali.

Baada ya ile glovu kufika, nikaenda Tabata, ambako Selemani ana karakana ya fanicha. Nilikuwa nimeamua kumwambia yote na kumwomba aliondoe jina langu. Nilimkuta anapiga randa ubao wa mlango, amepanda juu ya kreti la soda ili aufikie.

"Profesa!" akapiga kelele. "Leo umepotea njia? Mke wangu, toka uone, mtu wa kwenye magazeti huyu! Huyu ndiye yule wa mayai!"

"Karibu, shemeji," mkewe akasema kutoka ndani. "Habari zako tunazijua zote." Nilitamani kurudi kwenye gari.

Nikamweleza nikiwa nimesimama, kabla chai haijaletwa, kwa kuwa najijua: nikikaa nitaanza kutoa hotuba. Nikamwambia nilimruka. Nikamwambia nilikuwa namlisha ili akue, nisije nikashtakiwa. Selemani akaweka randa chini, akanitazama, kisha akacheka mpaka akashuka kwenye kreti.

"Juma! Saidi! Njooni hapa upesi!" Wakatokea vijana wake wawili wenye ndevu, wote wanafika begani kwangu. "Msalimieni baba mkubwa. Huyu ndiye aliyewadumaza nyie!"

"Shikamoo," wakasema kwa pamoja, wakitafuta mzaha uko wapi.

"Hivi wewe," Selemani akaendelea akijifuta machozi, "mzee wangu hukuwahi kumwona amesimama? Alikuwa ananifika hapa!" Akajigusa sikio. "Ukoo mzima sie hivi. Mayai ya Dar nzima yasingetusaidia."

Nami nikacheka. Ningeweza kuishia hapo na kunywa chai. Lakini Selemani si mjinga, na kicheko kilipopungua nilimwona anapiga hesabu.

"Kwa hiyo," akasema, "ulipoacha kuleta..."

"Nilikuwa nimekurudia. Siku ile ya maulidi. Nikaona kazi imekwisha."

Vijana wakarudi kwenye kazi zao bila kuambiwa. Selemani akachukua randa, akakagua makali yake kwa kidole gumba, ingawa haikuwa na tatizo lolote.

"Sie tulidhani mmekwama," akasema. "Nilimwambia mama, kwa kina fulani kuku hawatagi tena. Mama akasema basi, kama hata mayai hakuna, hao watu wana hali mbaya, na wanaona haya kusema. Akachemsha mihogo. Ilikuwa ya mwisho ile, tulikuwa tumetumiwa kutoka Newala. Akaweka kwenye bakuli, akafunika na kitambaa, akanituma niilete kwenu. Mama yako alinipokea mlangoni."

Ninalikumbuka bakuli hilo. Lilikuwa la bati, na ukingo wa bluu. Mama alisema watu wa kusini wana ukarimu, akashangaa ni kwa sababu gani, na hatukuwaza zaidi. Nilikula mihogo ile na chai ya maziwa, na nikaomba kuongezwa.

"Bakuli likarudi na sukari ndani yake," Selemani akasema. "Mama akalia. Akasema, masikini, wametoa hata sukari yao."

Nikamwambia kwamba ndiyo maana nimekuja. Jina langu litolewe. Nitampigia simu mratibu mwenyewe, na kwa mama yake nitakwenda kueleza.

"Wewe, hilo la kuruka uliniruka mie, na tumelimaliza hapa." Sauti yake haikuwa na mzaha tena. "Mama usimwambie kitu. Kahadithia habari yako kwa wajukuu mpaka wameichoka. Yeye ndiye aliyesema mie sipandi jukwaani kama wewe hupandi. Unataka ukamwambie nini sasa, upate kulala vizuri? Jumamosi ukiitwa, unapanda."

Jumamosi nikaitwa, nikapanda. Walitamka maneno juu yangu kwenye kipaza sauti na watu wakapiga makofi, na watoto wa sasa, waliokaa chini mstari mmoja wakiwa na glovu mpya, walinitazama kwa heshima ambayo sikuwa na mahali pa kuiweka. Selemani alipopanda, wale watoto walisimama wote. Mtu fulani aliyewahi kumrushia mpira alipiga kelele kwamba mpaka leo hajaliona lile tundu. Uwanja ukacheka, naye akainama kidogo, magoti na kifua vikakaribiana, na kwa sekunde chache nilimwona yule mtoto wa nyuma ya stoo.

Mama Zainabu alikuwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, kanga mbili, macho yamefifia. Nilipiga goti ili anisikie.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akautafuta uso wangu kwa kiganja. Selemani alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake, ananitazama. "Siku zote nasema nikikuona nitakuuliza. Ile shida ya nyumbani kwenu, iliisha?"

"Iliisha, mama."

"Alhamdulillahi," akasema, akanishika mkono. "Niliwaombea sana nyie."